Jiwe la Babu: Kutoka Nakuru hadi Maragoli

Jumatano, Nakuru

Jiwe lilikuwa tayari tangu asubuhi, lakini fundi hakutaka vijana wake waliguse kabla ya salio kuingia. Nikamtumia kwa M-Pesa. Akausoma ujumbe, akamwonyesha na mkewe, ndipo vijana wanne wakalibeba na kulilaza kwenye pikapu juu ya magunia na godoro kuukuu. Graniti nyeusi. Jina la Babu, mwaka aliozaliwa, 1949, mwaka tuliomzika, na mstari wa Zaburi ya 121 aliouchagua Nyanya. Chini ya mstari huo pameachwa nafasi tupu, ukubwa wa daftari la shule.

Nafasi hiyo ndiyo imetugombanisha tangu Pasaka. Baba mdogo amechongesha kibao cha shaba kwa fundi mmoja wa mtaa wa Shabab, hapa Nakuru: bunduki mbili zilizopishana, chini yake cheo cha Babu, sajini, na miaka yake 23 ya utumishi. Kazi ni safi, siwezi kuitia dosari. Ila wazee wa kanisa kule nyumbani walipopata habari walituma ujumbe kwamba kaburi la Rafiki, yaani muumini wa kanisa letu la Marafiki, halipambwi kwa bunduki. Basi kibao kinasafiri kimefungwa gazeti, chini ya kiti changu, na Nyanya, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho, hajalitoa. Makumbusho ya Babu ni Jumamosi.

Jioni nilikwenda kulala kwa Nyanya, mtaa wa Free Area, katika nyumba waliyoijenga kwa kiinua mgongo. Babu angeweza kustaafu Maragoli, kwao katika kaunti ya Vihiga, kama wengi wa rika lake, lakini shamba la baba yake liligawiwa watoto watano wa kiume, na Vihiga si mahali pa kugawana ardhi mara mbili: sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita ya mraba. Nakuru alikuwa anaijua. Aliingia kambi ya jeshi ya Lanet, hapa Nakuru, akiwa kuruti mwaka 1970, miaka sita baada ya maasi ya Januari 1964, yale ya askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliogoma ndani ya kambi hiyo hiyo, na kikosi chenyewe kikavunjwa. Alikuta wakufunzi wasiotaka kusikia habari hiyo ikitajwa hata kwa mzaha. Ni hadithi pekee ya kambini aliyowahi kutusimulia bila kuombwa.

Mimi Babu ninayemkumbuka ni wa Januari 2008. Nilikuwa darasa la sita. Mji ulipowaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi mwishoni mwa mwezi ule, yeye alikuwa mstaafu mwenye pikapu ya kubebea unga. Alishusha magunia yote ukumbini, akaanza kuwabeba majirani: wengine kwenda uwanja wa maonyesho ya kilimo wa ASK, wengine kwenda uwanja wa michezo wa Afraha, kutegemea kabila la mtu na mahali ambapo watu wa kabila lake walikuwa wamekimbilia. Mimi alinikalisha ndani ya geti na daftari. Kila aliyepanda niliandika jina lake, idadi ya watoto wake, na saa. Babu aliporudi alisimama mbele yangu na kunitajia mahali alipowashusha, nami nikaandika pembeni. Ukimbeba mtu, alisema, lazima ijulikane ulimshusha wapi. Daftari hilo liko kabatini kwa Nyanya, na mwandiko wangu wa wakati ule ni aibu tupu.

Nyanya anaongeza jambo ambalo sikuliona. Kwenye kizuizi kimoja vijana wenye mapanga walitaka vitambulisho. Babu alishuka, akafunga mlango polepole, akasimama mguu sawa barabarani akauliza, "Kamanda wenu ni nani?" Wakatazamana. Hawakuwa naye. Wakati wanaulizana, akapanda gari akapita.

Alhamisi, Nakuru hadi Kisumu

Tuliondoka kabla ya mapambazuko. Kwenye njia panda ya Njoro alitungoja mwenzake Babu, Mzee wa Kikamba aliyeoa huku na hakurudi kwao. Alivaa suti ya kijivu, na nishani zake kaziweka ndani ya bahasha ya kaki mfukoni. Wote wawili walikuwa madereva wa malori ya jeshi. Alinitazama kwenye usukani, akatazama kamba zilizofunga jiwe, akazifungua zote na kuzifunga upya kabla hajasalimia mtu.

"Shemeji, umenona," akamwambia Nyanya.

"Na wewe umekauka. Panda, tunachelewa."

Mau Summit ukungu ulikuwa mzito, taa za malori zikitokea ghafla pembeni mwetu. Tukashika kushoto kuelekea Londiani na Kericho. Mzee hakuongea na mtu ila injini. Nikikawia kubadili gia, alikohoa.

Kwenye mashamba ya chai mvua ilitukamata. Tukasimama penye kibanda cha chai na mandazi, na Nyanya, bila kuulizwa, akaanza kusimulia Agosti 1, 1982. Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Yeye alikuwa Maragoli na watoto, Babu yuko kambi ya Kahawa, Nairobi. Alikuwa anapiga pasi nguo za kanisa kwa pasi ya makaa wakati redio ya Sauti ya Kenya ilipotangaza kwamba serikali imepinduliwa. Akamaliza kupiga pasi. Akawavika watoto, wakaenda kanisani, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Wanawake wenye waume jeshini walikuwa wengi mle ndani, na mchungaji alipopanda mimbarini hakuwa na la kuhubiri. Wakakaa kimya ibada nzima. Mchana redio ikasema uasi wa wanajeshi wa angani umezimwa na jeshi la nchi kavu. Redio haikusema nani yuko hai.

Barua ilifika baada ya majuma. Ilihusu mahindi: yavunwe lini, yauzwe magunia mangapi, karo ya nani ilipwe kwanza. Kuhusu Nairobi hapakuwa na neno hata moja. Nyanya anakiri kwamba aliikasirikia barua ile kwa miaka.

Mzee aliweka kikombe chini. "Ile barua niliiona akiiandika," akasema. "Alichana karatasi mpaka nikamwambia atamaliza bloku yangu. Za kwanza zote zilikuwa za mambo aliyoyaona. Hiyo ya mahindi ndiyo aliyoweza kuituma."

Nyanya hakutia neno. Alimalizia chai yake, akaniambia nilipie na ya Mzee.

Kutoka Kericho barabara inashuka, joto linapanda. Kufika Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, sote tulikuwa tumevua masweta. Kisumu tulilala kwa shangazi, Kondele. Alitupikia samaki mzima wa nazi, upishi alioujifunza Mombasa, na Mzee akauliza kwa upole kama nazi ilikuwa ya lazima.

Baada ya kula shangazi alikumbusha hesabu. Kila jioni, Babu akiwa likizo, saa mbili kamili kabla ya sala, aliwapanga watoto sebuleni na kuwaita majina kutoka mkubwa hadi mdogo. Kila mmoja aliitika "Niko!" Waliokuwa bweni walijibiwa na Nyanya: "Yuko shule." Aliyechelewa kuitika aliombewa kwa jina na kwa kirefu, mbele ya wenzake, na shangazi anaapa kwamba bora viboko. Wajukuu tulipokuja, orodha ikarefuka na sala ikarefuka nayo. Ugali ulikuwa ukipoa tunaangalia.

Ijumaa, Kisumu hadi nyumbani

Mamboleo, kisha mlima wa Riat. Hapo ndipo niliposikia uzito wa jiwe. Gari lilipanda kwa gia ya kwanza, nyuma yetu foleni ya matatu zinapiga honi, na Mzee amefumba macho ameridhika kabisa. Kiboswa, Majengo, Mbale. Ukivuka Kiboswa unaanza kuona mawe ya Maragoli, makubwa kuliko nyumba, yamekaa katikati ya migomba na majani chai, na watu wamelima hadi yalipoishia udongo. Baba mdogo alisema kuleta jiwe Maragoli kutoka Nakuru ni kichekesho. Ni kweli.

Niwaeleze wasiotufahamu. Kanisa letu ni la Marafiki, ambalo kwetu kila mtu huliita Friends. Vitabu vya historia huwaita Wakweka. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika kwa reli mpya hadi Kisumu, wakapanda milima hii na kuanzisha misheni Kaimosi. Leo magharibi mwa Kenya pana Wakweka wengi kuliko Uingereza kulikozaliwa imani yenyewe. Sisi hatubatizi kwa maji wala hatuna meza ya Bwana ya mkate na divai. Na tangu mwaka 1660, wafuasi wa George Fox walipomwandikia Mfalme Charles wa Pili, msimamo umekuwa kwamba Rafiki hashiki silaha kupigana, kwa sababu yoyote ile. Kwenye karatasi ni hivyo. Kijijini kwetu kila boma la tatu lina askari, polisi au askari jela, na kanisani wanakaa viti vya mbele wakija likizo.

Lakini mwaka 1971 jambo lilikuwa bado zito. Hadithi hii nilikuwa nimeisikia nusu. Nusu nyingine niliipata leo kwa babu mdogo, ndugu yake Babu, mwalimu mstaafu, tukiwa tunapanga viti. Babu alikuja likizo yake ya kwanza, wazee watatu wa kanisa wakamfuata nyumbani. Walimkuta akipasua kuni. Wakamuuliza kama amesahau alichofundishwa. Akawajibu kwamba baba yake amekufa, nyuma yake pana wadogo wanne, shamba haliwezi kumlisha hata mbuzi, na jeshi ndilo mwajiri wa kwanza aliyemwambia ndiyo. Akauliza: "Kati yenu nani atalipa karo?"

Hadithi niliyoijua inaishia hapo, na sisi wajukuu tulikuwa tunacheka: Babu kawaziba midomo. Kumbe mmoja wa wazee wale, kijana kuliko wenzake, alijibu, "Mmoja nitamlipia mimi." Na akamlipia. Aliuza maziwa miaka minne akamsomesha babu mdogo, huyu huyu niliyekuwa nabeba naye viti, hadi akaingia chuo cha ualimu. Babu naye hakuacha jeshi. Wawili hao hawakukubaliana kamwe, na hawakuacha kutembeleana.

Mzee huyo yuko hai. Ndiye aliyetuma ujumbe kuhusu kibao.

Jumamosi, makumbusho

Mahema mawili, kwaya ya akina mama, wageni wengi kuliko sahani. Kuku walikwisha mapema, mrenda na kunde vikatuokoa. Friends wa kwetu wanaimba na kuhubiri kama makanisa mengine. Ule ukimya wa Uingereza ya zamani umebaki dakika chache mwanzoni, na hata hizo mtoto wa mtu alizijaza.

Wasemaji walikuwa wengi, na wengi walisema yaleyale: mcha Mungu, mpenda familia, mzalendo. Sina ugomvi nao, ila kwa maneno hayo ungeweza kumzika mtu yeyote.

Kisha akasimama Mzee wa Njoro, nishani sasa ziko kifuani. Alizungumza juu ya Namibia. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipopeleka walinda amani kuisimamia nchi ile ikielekea uhuru, Kenya ilitoa kikosi kizima cha askari wa miguu, sawa na Finland na Malaysia. Wao wawili waliendesha malori yaliyopakwa rangi nyeupe. Uchaguzi ulikwenda siku tano, Novemba 7 hadi 11, na watu walijipanga foleni tangu usiku, maana wengine hawakuwahi kupiga kura maisha yao yote. Jua la huko, alisema, halina huruma na mti hakuna.

"Basi huyu mwenzangu akaenda kuegesha lori mahali ambapo kivuli chake kinaanguka juu ya foleni. Nikadhani ni bahati tu. Baada ya saa moja jua limehama, naye akawasha, akasogeza lori. Saa nyingine, akasogeza tena. Siku nzima. Jioni afisa akatazama kitabu cha gari, akaona mafuta yamepungua na maili hazikuongezeka. Akamuuliza, 'Sajini, hii safari gani?' Twende mkaione: kwenye safu ya sababu ya safari alikuwa ameandika, kuhamisha kivuli."

Watu walicheka, kisha wakapiga makofi, kisha baadhi ya akina mama wakaanza kulia, na mshereheshaji akakosa la kufanya akaita kwaya.

Mzee wa kanisa alizungumza mwisho, akiwa ameketi, kipaza sauti kimeshikwa na mjukuu wake. Anapita miaka 90. Hakugusa kibao. Alisema kwamba mwaka 1971 walikwenda watatu kumrudisha kijana mmoja, wakashindwa, na kwamba yeye hadi leo anaamini walikuwa na haki ya kwenda. "Nilimwambia hivyo mwenyewe," alisema, "kila Krismasi. Naye akaniambia nile kwanza."

Jioni, wageni wakiwa wameondoka, vijana walisimika jiwe. Baba mdogo alikuja na kibao, bisibisi na skrubu nne. Mzee wa kanisa alikuwa bado chini ya mparachichi, anangoja pikipiki ya kumrudisha. Sote tukamgeukia Nyanya.

Nyanya alikifungua kile kibao, akakifuta kwa leso, akakitazama kwa muda. Akasema ni kizuri, kitundikwe sebuleni Nakuru juu ya redio, wajukuu wakione.

"Na hapa, Mama?" baba mdogo akauliza, kidole kwenye ile nafasi tupu.

"Hapo ni pangu. Mlifikiri mimi mtaniandika wapi?"

Mzee wa kanisa alicheka hadi akakohoa. Baba mdogo alizirudisha skrubu mfukoni moja moja.

Usiku nilimuuliza Mzee wa Njoro swali ambalo nimekuwa nalo tangu niliposoma kuhusu mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir, Februari 1984, ambako vikosi vya serikali viliwaua raia wa Kisomali. Miaka mingapi walikaa kaskazini, na waliona nini? Nilijua kutoka kwa Nyanya kwamba mwaka huo Babu alikuwa Lanet. Lakini kabla yake alipelekwa kaskazini zaidi ya mara moja. Mzee alikaa kimya kitambo. "Wagalla hatukuwako," akasema. "Tulikuwako kwingine." Akasema mengine walikubaliana kuyanyamazia, mmoja wao amekufa, na aliyebaki hawezi kuuvunja mkataba peke yake. Sikupendezwa na jibu hilo, na bado silipendi. Mtu aliyeniandikisha jina la kila aliyempandisha garini Januari 2008 alijua thamani ya kuandika. Nimeliweka hapa kama lilivyo.

Jumapili

Ibada, chai, ndizi za kubeba. Nyanya alibaki kwa wiki mbili.

Jumatatu, kurudi Nakuru

Pikapu ikiwa tupu ilikuwa inaruka kama mbuzi. Baba mdogo alilala tangu Kericho, kibao kifuani. Mzee alikuwa macho hasa, kwa sababu kurudi maana yake ni kuteremka Sachangwan.

Ni pale ambapo Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na mitungi, na zaidi ya 100 wakateketea. Chini yake ni Salgaa, ambako malori yamepoteza breki miaka nenda miaka rudi, mengi kwa sababu dereva katoa gia ateremke bure aokoe mafuta, breki zikachemka. Babu alinifundisha kuendesha kwenye mteremko huu nilipopata leseni: teremka kwa gia ambayo ungepandia. Mzee alifundishwa na watu walewale. Tulipofika kileleni akasema, "Tatu." Nikaingiza tatu. Katikati akasema, "Acha breki, injini itakushika." Nikaacha. Injini ikanguruma, gari likatulia, malori yakitambaa upande wa kushoto na ukuta wa zege kulia kwetu, na hatukuongea hadi Salgaa.

"Ulishika breki mara mbili ambazo hazikuwa na haja," akasema hapo.

Njoro nilimshusha penye matatu. Alikataa nauli, akakubali ndizi. Kisha akauliza pensheni ya Nyanya imefikia wapi. Nikamwambia ukweli: faili limezunguka ofisi mwaka mzima, mara wanataka cheti cha ndoa, na Friends wa mwaka 1969 walifunga ndoa kanisani karatasi ikabaki kwenye sanduku lililoliwa na mchwa, mara wanataka barua ya chifu, na tukileta barua ya chifu wanataka ile ya kwanza tena.

"Namba yake ya jeshi unayo?"

Ninayo; Nyanya anaijua kwa moyo kuliko tarehe yake ya kuzaliwa.

"Basi niletee kila karatasi siku ya Alhamisi, hata zile zilizoliwa. Na lile daftari la mafunzo yake, na picha ya harusi ikiwa ipo. Nitakwenda nazo mwenyewe, nitakaa pale kwenye benchi na nishani zangu, tuone nani atachoka kwanza." Akafunga mlango polepole. "Na upelekee hilo gari fundi. Klachi inateleza."